Naomba ushauri: zawadi za Krismasi kwa watu 26 bila kuingia Januari na deni

Mama wa Buhongwa
Jumapili, 27 Septemba 2026

Wanajamvi, habari za Jumapili. Najua wengine mtaona nimewahi mno kuzungumzia Krismasi wakati hata Oktoba haijaingia, lakini mwaka jana nilianza kufikiria zawadi tarehe 15 Desemba, na haraka ile niliilipia hadi mwezi Machi.

Mimi ni mtumishi wa umma, ninaishi Buhongwa hapa Mwanza pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu wenye umri wa miaka 13, 7 na 4. Mume wangu ni fundi ujenzi, na kipato chake ndicho kinachobeba kodi ya nyumba na sehemu kubwa ya chakula. Wazazi wangu wako Nansio, Ukerewe, na wakwe zangu wako kijijini Sengerema. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo sikukuu ikikaribia macho yote hunigeukia mimi.

Jana usiku nilikaa na daftari nikaandika majina ya wote niliowapa kitu mwaka jana: watoto wangu watatu, wazazi wanne wa pande zote mbili, ndugu zangu na mawifi zangu watano, watoto wao tisa, marafiki wanne wa kazini na kanisani, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Jumla ni watu 26. Nilitumia shilingi 640,000, na kati ya hizo 300,000 zilikuwa mkopo wa haraka, ile mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu, ambao nilitakiwa kurejesha 390,000 ndani ya siku 30. Mshahara wa Desemba ulikuwa umeingia kabla ya sikukuu, nami nikautumia kana kwamba ni nyongeza, kumbe ndio huo huo uliotakiwa kunifikisha mwisho wa Januari. Shule zilipofunguliwa, binti yangu wa kati alivaa sketi iliyokwisha kumpanda juu ya magoti, akawa anaivuta chini kila hatua akielekea getini. Picha hiyo haijanitoka.

Mwakani, Mungu akipenda, mkubwa ataanza kidato cha kwanza. Ada ya shule ya serikali hailipwi, lakini sare, viatu, begi na madaftari makubwa ni juu ya mzazi. Kwa hesabu yangu naweza kutenga shilingi 60,000 kwa mwezi. Pia niko kwenye kikoba cha akina mama tunachotarajia kukivunja tarehe 18 Desemba, na fungu langu litakuwa kama 220,000.

Naomba mnisaidie: nitumie kiasi gani, nimpunguze nani katika orodha, na niwaelezeje wazazi na ndugu bila kuonekana nimeanza kuwa mchoyo? Nawapenda hawa watu wote 26. Sitafuti njia ya kuwakwepa.

---

Mhasibu Mstaafu, Nyegezi
Jumapili, 27 Septemba 2026

Ndugu mleta mada, hongera kwa kuweka hesabu zako wazi, maana wengi huja kuomba ushauri wakiwa wameficha deni, na ushauri unaotolewa juu ya hesabu pungufu haumfai mtu.

Umeuliza utumie kiasi gani. Mimi ningekuomba kwanza uandike Januari, kisha ndipo urudi nyuma kwenye Desemba. Chukua ukurasa mpya, uandike kila kitu ambacho mwanao wa kidato cha kwanza atahitaji pamoja na mahitaji ya yule wa shule ya msingi, upite madukani mwezi Oktoba kuuliza bei halisi, kisha jumla utakayoipata uipe jina la fungu la kikoba. Hiyo 220,000 iwe ya shule, na isiguswe kwa sababu yoyote ya sikukuu. Kuna sababu ya pili ya kusema hivyo, nayo ni kwamba tarehe ya kuvunja kikoba mara nyingi haifuatwi. Kikoba hugawa fedha baada ya mikopo ya wanachama kurejeshwa, na Desemba ndio mwezi ambao kila mwenye mkopo anaomba asogezewe siku. Ukiwa umepanga kununulia zawadi fedha ya tarehe 18 na ikachelewa hadi 29, utajikuta umerudi kwa yule mkopeshaji wa mwaka jana. Ikiwa imepangiwa Januari, kuchelewa kwa siku kumi hakukuumizi. Hata hivyo, simama kwenye kikao kijacho upendekeze mikopo yote ifungwe ifikapo mwisho wa Novemba.

Mshahara wa Desemba nao uuondoe kabisa kwenye hesabu ya zawadi. Ukiingia tarehe 20 au 22, utatakiwa kukutunza kwa zaidi ya siku 30 kabla ya mwingine kufika. Kwa hiyo zawadi zitoke kwenye mishahara mitatu tu, yaani wa mwezi huu uliokwisha kuupata, wa Oktoba na wa Novemba: 60,000 mara tatu ni 180,000. Hicho ndicho kiwango chako. Kinaonekana kidogo ukikigawa kwa vichwa 26, na ndiyo maana nakusihi usikigawe kwa vichwa. Gawa kwa kaya. Wazazi wa Nansio ni kaya moja, wa Sengerema ni kaya moja, na kila ndugu mwenye watoto ni kaya moja.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau ni gharama ya kufikisha. Ukituma fedha kwa simu kwa ndugu watano kwa nyakati tano, umelipa ada tano za kutuma, na wao watalipa ada tano za kutolea. Mtumie mmoja wao fedha zote, azitoe kwa niaba ya wote, na nauli ya mzigo wa melini iingie ndani ya 180,000 tangu mwanzo.

---

Fundi Cherehani, Mabatini
Jumatatu, 28 Septemba 2026

Dada yangu, mimi ni Mwislamu na Krismasi si sikukuu yangu, ila kwa miaka mingi nimeshona nguo za Idd na za Krismasi kwa mikono hii hii, na ninakuomba unisikilize kuhusu watoto wako watatu, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za akina mama hupotelea.

Wazazi wengi huja kwangu kuanzia tarehe 10 Desemba. Wakati huo nina mrundo unaofika dirishani, umeme ukikatika saa mbili nakosa usingizi, na bei ninayotoza inapanda kwa kuwa nalazimika kuajiri vijana wa kunisaidia kupiga pasi na kufunga vifungo. Mzazi anayekosa nafasi hukimbilia nguo zilizokwisha kushonwa, hununua gauni la kung'aa kwa bei ya juu, nalo likifuliwa mara tatu ushanga unadondoka. Mwezi Oktoba mimi nakaa karibu bure. Ukileta kitambaa sasa, nakushonea kwa 12,000 kwa kila mtoto.

Usinunue kitambaa tofauti kwa kila mtoto. Nunua kitenge kimoja cha yadi sita, ambacho kwa bei ya kawaida utakipata kwa kama 30,000, na kutoka humo nitatoa gauni la yule wa miaka 7, nguo ya mdogo wa miaka 4, na blauzi au shati la mkubwa, ambaye atavaa na sketi au suruali aliyo nayo. Kabla ya kukileta kiloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha, ukianike kivulini, maana kitenge cha pamba hupungua kikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali kipungue kikiwa kitambaa kuliko kupungua kikiwa mwilini mwa mtoto.

Ulivyosimulia habari ya sketi ya binti yako, niliisoma mara mbili. Kwa mtoto wa umri huo mimi huacha upindo wa inchi tatu chini, nikaukunja kwa ndani na kuushikiza kwa mkono, na kila ubavu naacha inchi moja ndani ya mshono. Mwaka ukipita unaniletea, nafumua uzi, nashusha upindo, nakanyaga mshono mpya, na kazi hiyo ni ya robo saa. Mtoto anavaa Krismasi mbili na gauni moja. Fundi yeyote anaweza kufanya hivyo, lakini lazima umwambie kabla hajakata, kwa sababu akishakata hakuna namna. Na hata sare za shule muagize kwa mtindo huo huo.

Viatu utafute Mlango Mmoja kwenye mitumba, ila uende asubuhi siku wanapofungua marobota.

---

Mama Dagaa, Kirumba
Jumatatu, 28 Septemba 2026

Naomba kuuliza: kati ya ndugu zako watano, yupo anayeishi kwa dagaa? Nauliza kwa sababu kama yupo na mnachanga naye chochote, kalenda yake si kama yako ya mshahara.

---

Mama wa Buhongwa
Jumatatu, 28 Septemba 2026

Yupo, mama. Mdogo wangu wa kiume anavua dagaa huko Ukerewe. Kila mwaka yeye hutoa mbuzi wa sikukuu kwa wazazi, mimi natoa mchele na mafuta. Mwaka jana alimleta mbuzi mapema, lakini miaka mingine huahidi na siku ikifika simu haipatikani, nami hulazimika kuziba pengo lake kwa haraka. Kusema kweli tumekwaruzana naye kwa jambo hili.

---

Mama Dagaa, Kirumba
Jumatatu, 28 Septemba 2026

Basi mwanangu, usigombane naye kabla hujatazama mwezi. Mimi nanunua dagaa pale Mwaloni, na maisha yangu yote yanakwenda kwa giza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwakusanyi, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa kushona nyavu. Fedha ipo wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka ni siku za kula akiba.

Sasa tazama: mwaka jana mwezi uliandama karibu na tarehe 20 Desemba, ndiyo maana mdogo wako alikuwa na fedha ya mbuzi wiki ile ya Krismasi. Mwaka huu mwezi mpevu unaangukia tarehe 24 Desemba, mkesha wenyewe. Giza la mwisho kabla ya sikukuu ni lile la karibu na tarehe 9 Desemba, na kabla ya hapo kuna la karibu na tarehe 10 Oktoba na la karibu na tarehe 9 Novemba. Ukimsubiri wiki ya sikukuu, atakuwa ameketi ufukweni mikono mitupu na ataona aibu kupokea simu ya dada yake. Mpigie wiki hii, mpange kwamba mbuzi anunuliwe mnadani katikati ya Novemba, wakati bei haijapanda, naye akafugwe kwa wazazi hadi siku yake. Kama fedha yake haitoshi kwa giza moja, atoe nusu Oktoba na nusu Novemba.

Mimi mwenyewe kila zawadi yangu ya mwaka huu lazima iwe imenunuliwa ifikapo tarehe 15 Desemba, kwa sababu baada ya hapo sina uhakika wa shilingi.

---

Kijana wa Igoma
Jumanne, 29 Septemba 2026

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naona suala la marafiki wanne limepitwa, na mimi nisingependa lipitwe. Mwaka niliougua nikakaa kitandani wiki sita, ndugu zangu walikuwa mbali, na walioniletea uji ni marafiki wawili wa kazini. Mtu anaweza kuwaondoa kwenye orodha kwa sababu si damu yake, akajuta baadaye. Usiwaondoe. Kama fedha haitoshi, zungumzeni ninyi watano kwamba hakuna kununuliana vitu, bali mtakutana nyumbani kwa mmoja wenu tarehe 26, siku ambayo pia ni mapumziko, kila mmoja aje na chakula kimoja alichokipika. Sisi tunafanya hivyo kwa mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakupewa kitu.

---

Mzee wa Sengerema
Jumatano, 30 Septemba 2026

Mwanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya kwa simu, nami nayasema neno kwa neno. Sikujui wala siwajui wakwe zako, lakini ni mzee wa wilaya hiyo hiyo, na nimekuwa mpokeaji wa zawadi za Krismasi kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu niseme upande wa anayepokea.

Kwenye sanduku la mke wangu kuna vitenge saba ambavyo havijashonwa. Watoto wetu wa mjini huvileta kwa upendo na sisi huvipokea kwa upendo, lakini Desemba kijijini ni mwezi wa jembe. Mvua zimeanza, mahindi yanatakiwa yawe ardhini, na chakula cha mavuno yaliyopita kimebaki kidogo, wengine wameshafika kwenye michembe. Mzee asiye na ng'ombe wake wa plau humngoja jirani amalize kwanza shamba lake, na akichelewa kulimiwa wiki tatu, anavuna pungufu. Mwaka mmoja kijana wangu aliyeko Geita alinipigia simu mwezi Oktoba akaniuliza, baba, shamba utalimaje? Kisha akamlipa mwenye plau moja kwa moja, ekari moja. Krismasi alikuja mikono mitupu, tukatembea naye shambani asubuhi baada ya ibada, mahindi yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Zawadi hiyo tuliila hadi mwezi wa nane.

Wapigie wakwe zako uwaulize. Usiogope kuonekana mchoyo kwa kuuliza. Mzee huona fahari kuulizwa. Na kama mna safari ya kuja huku, kumbukeni kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025 hatukai tena foleni ya kivuko, kwa hiyo hakuna haja ya kuja siku mbili kabla mkiwa na mizigo. Mnaweza kuja asubuhi mkarudi jioni, na gharama ya kulala ikapungua.

---

Mama wa Buhongwa
Jumapili, 4 Oktoba 2026

Shikamoo mzee wa Sengerema, na shikamoo mama Kirumba. Nawashukuru nyote. Wiki hii nimefanya mambo kadhaa, na naona ni vema niwaeleze nilipofika.

Nilimpigia mdogo wangu wa Ukerewe usiku wa Jumatatu. Nilipomtajia kwamba mwezi mpevu ni tarehe 24 alinyamaza, kisha akasema, "Dada, kumbe unajua." Ameniambia miaka yote aliyokosa mbuzi ilikuwa miaka ya mbalamwezi, na alishindwa kunieleza kwa kuwa alidhani mtu wa ofisini hataelewa. Tumekubaliana atatoa nusu baada ya giza la Oktoba na nusu baada ya lile la Novemba. Sijapata maneno ya kumshukuru huyo mama aliyeniuliza.

Jumatano tulimpigia mama mkwe. Nilimwachia mume wangu aulize, kwa kuwa ni mama yake. Jibu lilikuwa hilo hilo la mzee: mwaka jana walipanda wakiwa wamechelewa, na hawakutaka kutuambia. Tutatoa 40,000 kwa ajili ya plau na shemeji yangu ataongezea kilichobaki.

Kwa hiyo 180,000 imekaa hivi. Kitenge kimoja na ushonaji wa nguo za watoto watatu ni 66,000. Shamba la Sengerema ni 40,000. Kwa wazazi wa Nansio nimetenga 30,000 za sukari, majani ya chai, mafuta na mchele, ambao nitaununua mwezi huu, mapema kabla ya bei za sikukuu. Dada anayetusaidia nyumbani nimempangia 20,000, ambazo ni doti ya khanga na kiasi kidogo cha mkononi, kwa sababu yeye anaamka kabla yangu kila siku ya mwaka na sikutaka jina lake liwe la kupunguzwa. Watoto tisa wa ndugu zangu watapata 2,000 kila mmoja, jumla 18,000, zitakazotumwa kwa mkupuo mmoja kwa wifi yangu mkubwa naye atazigawa. Zimebaki 6,000 za ada na nauli ya mzigo. Sisi ndugu wakubwa tumekubaliana kwenye kundi letu la simu kwamba hatutapeana chochote mwaka huu, na wa kwanza kuandika "afadhali umesema" alikuwa yule niliyemhofia kuliko wote. Marafiki wanne wamekubali chakula cha tarehe 26, na mmoja ameshajitolea kupika sato.

Jambo moja bado linanisumbua. Mama yangu wa Nansio amezoea kitenge kipya kila Krismasi na hukivaa kwenye misa ya mkesha. Sitaki avae cha zamani.

---

Fundi Cherehani, Mabatini
Jumapili, 4 Oktoba 2026

Dada, muulize mama kama anacho ambacho hakijashonwa. Kama kipo, kitumwe na meli mwezi huu pamoja na blauzi yake moja inayomkaa vizuri, nitachukua vipimo humo, nami nitamshonea bila malipo kwa kuwa utakuwa umeniletea kazi tatu wakati wa uhaba. Cha watoto kilete kabla ya tarehe 20 Oktoba, kikiwa kimeshalowekwa.